Hot Space: Hatia ya Mashine au Hatia ya Dansi?

Kwenye majalada ya santuri zao za mwanzo, miaka ya 1970, Queen walikuwa na desturi ya kuandika sentensi fupi ya kujigamba: humu hakuna aliyepiga sintesaiza. Walikuwa na sababu. Brian May alikuwa akilaza sauti ya gitaa juu ya nyingine, na nyingine tena, mpaka gitaa moja likasikika kama okestra. Yeye, Freddie Mercury na Roger Taylor walirudia kuimba kipande kimoja mara nyingi studio mpaka watu watatu wakawa kwaya. Msikilizaji asiyejua angedhani kazi yote imefanywa na kinanda cha umeme, na vijana wale hawakutaka jasho lao lipewe mashine. Lakini sentensi ile ilibeba uzito kuliko waandishi wake walivyokusudia. Mashabiki waliisoma kama kiapo.

Tarehe 21 Mei 1982 ikatoka Hot Space, albamu yao ya kumi ya studio, na kiapo kikaonekana kuvunjwa mchana kweupe. Wimbo wa kwanza, Staying Power, hauna gitaa la besi. Besi inatoka kwenye kinanda, mdundo unatoka kwenye mashine ya ngoma, na juu yake wanapita wapiga tarumbeta na saksafoni waliopangiwa na Arif Mardin, mtu aliyeijua soul ya Marekani kwa ndani. Wimbo wa nne, Body Language, karibu hauna gitaa kabisa. Ni besi ya kinanda, pumzi, makofi ya mashine na Mercury anayenong'ona kuhusu miili. Ndio waliouchagua utangulie sokoni kabla ya albamu yenyewe. Nchini Uingereza ulikwama nafasi ya 25. Albamu ilifika nafasi ya 4 huko, na Marekani ikaishia ya 22, ilhali The Game, miaka miwili tu kabla, ilikuwa imeshika namba moja katika nchi zote mbili.

Tangu hapo Hot Space imeishi na sifa ya jambo la aibu ndani ya familia. Ukisoma historia fupi yoyote ya Queen, utakuta sura inayosema waliteleza, wakaacha roki wakafuata vinanda, mashabiki wakakasirika, kisha wakajirudi. Ni masimulizi rahisi kukumbuka, na mshitakiwa wake ni mashine. Nadhani mshitakiwa huyo amekamatwa kimakosa.

Tuanze na yaliyotangulia. Sintesaiza haikuingia kwa Queen mwaka 1982. Iliingia na The Game, mwaka 1980, na hakuna aliyeandamana. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakatoa muziki wa filamu ya Flash Gordon, ambao umejaa vinanda toka mwanzo hadi mwisho. Watu wakauchukulia kama mchezo mzuri wa sinema. Isitoshe, wimbo uliowapa mafanikio makubwa kuliko yote Marekani ulikuwa wa dansi. Another One Bites the Dust, alioutunga mpiga besi John Deacon baada ya kunogewa na Good Times ya kundi la Chic, ulikaa namba moja wiki tatu mwezi Oktoba 1980. Vituo vya redio vya Wamarekani Weusi viliupiga, na inasimuliwa kuwa Michael Jackson mwenyewe ndiye aliyewashauri wautoe kama singo. Kwa hiyo Hot Space haikuwa mtego waliouingia gizani. Soko liliwaonyesha njia, wakaifuata.

Na mahali walipofuatia njia hiyo pana historia yake. Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa Munich, Ujerumani, katika studio ya Musicland iliyokuwa chini ya jengo la hoteli, wakiwa na mtayarishaji Reinhold Mack. Studio hiyo ilianzishwa na Giorgio Moroder. Humo ndimo alimotengenezea I Feel Love ya Donna Summer mwaka 1977, wimbo ambao karibu kila kitu ndani yake isipokuwa sauti ya mwimbaji kinatoka kwenye sintesaiza, na ambao muziki wa dansi wa leo bado unaulipia deni. Deep Purple na Rolling Stones nao walipitia chumba hichohicho. Gitaa zito na mdundo wa mashine vilikuwa vikipishana kwenye ngazi moja kwa miaka kabla Queen hawajashuka huko.

Sasa tutazame yaliyofuata, maana hapo ndipo hoja ya mashine inapovunjika kabisa. Januari 1984 Queen walitoa Radio Ga Ga, wimbo wa Roger Taylor, yaani mpiga drams wa bendi, aliouanzia kwenye sintesaiza na mashine ya ngoma. Besi yake ni ya kinanda. Mdundo wake ni wa mashine. Kama hatia ya Hot Space ni vifaa, basi Radio Ga Ga ilistahili adhabu ileile au zaidi. Badala yake ilifika nafasi ya 2 Uingereza, na tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid, uwanja mzima wa Wembley uliinua mikono na kupiga makofi kwa pamoja kuufuata. Picha hiyo imekuwa alama ya roki ya viwanjani kuliko karibu nyingine yoyote. Waliopiga makofi walikuwa wakifuata mdundo uliozaliwa kwenye mashine, na hakuna aliyelalamika kuwa Queen wamewasaliti. Tena I Want to Break Free, ya mwaka huohuo wa 1984, katikati yake ina solo ambayo wengi huidhania ni gitaa la May. Ni kinanda, kilichopigwa na Fred Mandel.

Tofauti basi iko wapi? Radio Ga Ga ni wimbo wa kuimba kwa umati, wa kifua kilichotunishwa. Body Language ni wimbo wa kiuno. Wa kwanza unaweza kuuitikia ukiwa umesimama na wenzako elfu sabini bila kujiuliza chochote kuhusu nafsi yako. Wa pili unakutaka ucheze, na unakuambia waziwazi dansi hiyo ni ya nini. Kwa kijana wa kizungu wa mji wa viwanda wa Marekani mwaka 1982, aliyekuwa na fulana ya Queen kwa ajili ya We Will Rock You, ombi hilo halikuwa dogo.

Halikuwa dogo kwa sababu ya yaliyotokea miaka mitatu nyuma. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaalika watu waje na santuri ya disko walipie kiingilio senti 98, na santuri hizo zikalipuliwa kwa baruti katikati ya mechi mbili. Maelfu walivamia uwanja. Mechi ya pili haikuchezwa, timu ya nyumbani ikahesabiwa imeshindwa. Dahl amekuwa akisema siku zote kwamba ulikuwa utani dhidi ya muziki tu. Vince Lawrence, kijana Mweusi aliyekuwa akifanya kazi ya kuonyesha watu viti siku ile na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki wa house, amesimulia kuwa santuri nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za wasanii Weusi. Disko ilitoka kwenye kumbi za Weusi, za Walatino na za wapenzi wa jinsia moja wa New York, na kilichochomwa Chicago hakikuwa plastiki peke yake.

Mercury hakuwa amejitangaza. Lakini kufikia 1982 alikuwa amekata nywele, amefuga masharubu, na muda wake Munich aliutumia katika kumbi zilezile ambazo muziki huo ulikuwa mkate wao wa kila siku. Staying Power na Body Language ni tungo zake, na zina harufu ya kumbi hizo. Aliyesema "wameacha roki" mara nyingi alikuwa akisema na jambo jingine ambalo lugha ya uhakiki wa muziki ilimpa pa kulifichia.

Jarida la Rolling Stone lenyewe linaonyesha jinsi mambo haya yalivyochanganyikana. Mwanzoni mwa 1979 mhakiki wake Dave Marsh aliandika juu ya albamu ya Jazz kwa ukali ambao haujasahaulika: aliwaita Queen huenda bendi ya kwanza ya roki ya kifashisti. Mwishoni mwa mwaka huohuo ndiye Marsh huyohuyo aliyeandika kwamba chuki dhidi ya disko ilikuwa na mizizi katika ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Alikuwa sahihi katika la pili. Kwa maoni yangu alitia chumvi katika la kwanza. Jambo la kuzingatia ni kwamba wahakiki wengi wa Marekani hawakuwa wamewapenda Queen kabla ya Hot Space, kwa hiyo hawakuwa na kiapo cha kudai. Ndiyo maana baadhi yao waliipokea vizuri kuliko mashabiki. Waliochoshwa na majigambo ya okestra walisikia bendi iliyopunguza mafuta. Rolling Stone ilipoihakiki iliusifia Back Chat kama wimbo motomoto wa roki na fanki. Wengine waliona kinyume: kwamba Queen, baada ya kuzoea kuongoza, sasa wamegeuka wafuasi wa wanayoyafanya wenzao vizuri zaidi. Hasira kubwa ilitoka kwa wanunuzi, na miaka ilipopita hukumu ya wanunuzi ndiyo iliyoandikwa kana kwamba ilikuwa ya wahakiki wote.

Brian May amejitetea mara nyingi kwa hoja ya wakati: walichelewa, disko ilikwisha kuwa neno chafu. Kuna ukweli. Rolling Stones walicheza disko na Miss You mwaka 1978 wakashika namba moja, Blondie wakafanya hivyo na Heart of Glass mwaka 1979, wote kabla ya baruti za Chicago. Lakini hesabu za wakati hazimalizi jambo. Thriller ya Michael Jackson ilitoka Novemba 1982, miezi sita baada ya Hot Space. Na mwaka 1983 David Bowie, ambaye sauti yake inafunga Hot Space katika Under Pressure, alimwendea Nile Rodgers wa Chic, akatengeneza Let's Dance, na wimbo huo ukashika namba moja Uingereza na Marekani. Chimbuko ni lilelile la Deacon, mwaka mmoja baadaye, na mtu aliyekuwa chumba kimoja na Queen kule Montreux walipourekodi Under Pressure. Kwake milango ilifunguka. Bowie hakuwa amewahi kumwahidi yeyote kuwa atabaki alivyo; shabiki wake alilipa kila mara ili aone safari hii atakuja na sura gani. Queen walikuwa wametoa ahadi, tena kwa maandishi, kwenye jalada.

Mercury alijua. Tarehe 5 Juni 1982, wiki mbili baada ya albamu kutoka, wakitumbuiza Milton Keynes, alisimama kabla ya Staying Power akawatuliza watu. Aliwaambia kwamba watapiga vitu vipya vya fanki, kwamba hilo halina maana wamepoteza roki, na kwamba, jamani, hii ni santuri tu, sijui kwa nini watu wanahamaki hivi. Ukiitazama video yake unaona mtu anayetania na kuomba radhi kwa wakati mmoja. Kisha bendi inaupiga wimbo huo kwa gitaa zito, na unageuka kitu kingine kabisa, kikali na kitamu, ambacho kwenye albamu hakipo.

Hapo ndipo lazima tuirudie albamu yenyewe, kwa sababu ukishawatetea Queen dhidi ya chuki bado hujajibu kama kazi yao ni nzuri. Nadhani ni nusu nzuri, na ubovu wake haumo kwenye mashine. Umo kwenye woga. Santuri ina pande mbili. Upande wa kwanza ni dansi: Staying Power, Dancer, Back Chat, Body Language, Action This Day. Ukiigeuza, Put Out the Fire inakupokea na gitaa la May likinguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha anafuata Mercury na kinanda cha kawaida akimwomboleza John Lennon, na baadaye wimbo wa mapenzi wenye kibwagizo cha Kihispania. Mshika mawili moja humponyoka. Mtu wa dansi hana haja na upande wa pili, mtu wa roki anaanzia hapo, na hakuna aliyeuziwa albamu nzima.

Hata ndani ya upande wa kwanza bendi inavutana. Deacon aliutaka Back Chat uwe mkavu, bila solo ya gitaa. May akaipigania hadi ikawekwa. Safari hii mgongano ulizaa tunda: gitaa linaingia kama mtu mwenye hasira ukumbini, na wimbo unapata jambo la kugombania. Katika Dancer, ambao ni wa May mwenyewe, hakuna mgongano, kuna kutoelewana. Gitaa linacheza mdundo wake, besi ya kinanda wake, na kila kimoja kinamsubiri mwenzake apishe njia. Body Language nao, uliochukua lawama zote, kwangu ni jasiri kuliko ulivyo mzuri. Uchi wa mpangilio wake ulihitaji mdundo wa kumshika mtu, na ule mdundo ni mwembamba. Chic wangeutupa. Kinyume chake, Cool Cat, walioutunga Mercury na Deacon na kuuficha karibu na mwisho wa upande wa pili, ni soul laini isiyojitetea kwa yeyote, Mercury akiimba kwa sauti ya juu nyepesi tangu mwanzo hadi mwisho. Laiti albamu nzima ingekuwa na utulivu huo, gumzo hili lingekuwa jingine.

Bendi nyingine zilizopita hapo baadaye zinasaidia kupima. U2 walipotoa Pop, Machi 1997, walikuwa na watayarishaji wa dansi pembeni, wakiwemo Flood na Howie B, na mpiga drams Larry Mullen alikuwa ameumwa mgongo kiasi kwamba kazi ya mwanzo ilifanywa kwa vipande vya ngoma vilivyorudiwarudiwa. Wahakiki wengi mwanzoni waliisifu. Sifa ziliyeyuka mauzo yalipopwaya na ziara ya PopMart, iliyokuwa imeshapangiwa tarehe kabla albamu haijakamilika, ilipoanza na bendi isiyojua nyimbo zake. Baadaye U2 walizirudia baadhi ya nyimbo hizo studio ili kuzirekebisha. Katika video ya Discothèque walivaa kama Village People. Wao walivaa disko kama mzaha, na mzaha una kinga: ukikataliwa unasema nilikuwa natania. Mercury kwenye Body Language hakuwa akitania.

Radiohead walichagua njia ya tatu. Kid A, Oktoba 2000, iliweka gitaa kando kwa sehemu kubwa, haikutoa singo hata moja, na sauti zake zilichotwa kwa wasanii kama Aphex Twin. Mpiga gitaa Ed O'Brien aliandika wazi wakati huo jinsi alivyokuwa akijiuliza kazi yake imebaki ipi, swali ambalo May angelielewa vizuri. Wahakiki waligawanyika. Nick Hornby, katika The New Yorker, aliiona inamchosha msikilizaji mwenye maisha ya kawaida. Melody Maker waliiponda. Pitchfork wakaipa alama kumi kwa kumi. Miaka tisa baadaye ilitajwa na Rolling Stone na Pitchfork pia kuwa albamu bora ya muongo. Sifa hiyo inastahili, na ujasiri wa kwenda mpaka mwisho ndio uliowalipa. Ila tusisahau kwamba Kid A ni muziki wa kusikiliza ukiwa peke yako chumbani. Mashine zake zinazungumza na hofu na akili, na mhakiki wa roki hana shida na mashine ya namna hiyo. Iwapo ingemtaka aondoke kitini, sijui kama angekuwa mwepesi hivyo.

Msomaji wa pwani atakuwa ameanza kutabasamu, maana ugomvi huu ameusikia nyumbani. Vinanda vya umeme vilipotamalaki taarabu miaka ya 1990, na East African Melody na wenzao wakaja na mipasho ya rusha roho, wapenzi wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya tangu 1905, walilalamikia kinanda. Lakini ukiwasikiliza vizuri, malalamiko yalihama upesi kutoka kwenye kinanda kwenda kwa wanawake waliokuwa wakiinuka na kukata viuno hadharani. Na kwa kuwa Mercury alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, kisiwa kimepata nafasi yake ya kugombana naye: mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la Uamsho kuipinga. Hakuna aliyeuliza kuhusu sintesaiza.

Ziara ya Hot Space ilimalizia kipande chake cha Marekani mjini Los Angeles, Septemba 1982. Mercury hakufanya tena ziara na Queen katika nchi hiyo. Lakini hamu yake ya dansi haikwisha. Mwaka 1985 alitoa Mr. Bad Guy, albamu yake mwenyewe, iliyorekodiwa Munich na Mack yuleyule, vinanda kila mahali na hakuna May wa kuvutana naye. Uingereza ilifika nafasi ya 6. Marekani karibu haikuonekana. Inakosa ule mgongano uliouokoa Back Chat, na wakati mwingine inalegea kwa kukosa mpinzani, lakini ni kazi ya mtu anayejua anachotaka.

Alifariki Novemba 1991. Wenzake watatu walipokusanya rekodi za sauti yake kutengeneza albamu ya mwisho, Made in Heaven, iliyotoka Novemba 1995 na kushika namba moja Uingereza, walichukua nyimbo mbili kutoka Mr. Bad Guy. Sauti ya Mercury wakaibakiza. Chini yake wakaondoa vinanda vingi vya Munich, wakaweka drams za Taylor, besi ya Deacon na gitaa la May, tabaka juu ya tabaka.